Asiye na Noti Naye Acheze na Maharusi

Kwaresima ikishapita, na Ramadhani ikiisha tukaingia Mfunguo Mosi, kadi za harusi huanza kumiminika. Desemba nayo ina zake. Unaamka asubuhi unakuta umeingizwa kwenye kundi jipya la WhatsApp: picha ya wachumba wawili, jina la mweka hazina, namba ya kutumia mchango, na lile ombi tulilolizoea la kuweka na ya kutolea. Ndivyo tunavyooana Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Dodoma, na sina neno na mchango wenyewe. Umewavusha vijana wengi ambao mishahara yao isingetosha kulipia hata viti vya ukumbi.

Ninachotaka kukiombea leo kinakuja baada ya mchango: ile saa ya kucheza na maharusi. Chakula kimeliwa, keki imekatwa na wazazi wa pande zote mbili wamelishwa, ndafu imepokewa kwa shangwe kama ukoo una desturi hiyo. MC anawaita maharusi katikati, muziki unapanda, na wageni wanatoka mezani wakicheza, kila mmoja na noti yake mkononi. Shangazi anaibandika kwenye paji la uso la bibi harusi linalong'aa jasho. Mjomba anaichomeka kwenye mfuko wa juu wa koti la bwana harusi. Wafanyakazi wenzao wanaingia kwa mistari ya kwaito, wanageuka pamoja, wanakosea, wanacheka, wanaendelea. Nyuma yao kuna mtu wa kamati mwenye kikapu, anaokota zinazodondoka. Naipenda saa hiyo kuliko zote za sherehe. Hotuba husahaulika kabla watu hawajafika nyumbani, lakini bibi harusi hukumbuka miaka mingi nani alikuja kucheza mbele yake, na alichezaje.

Saa hiyo tunaipoteza, na tunaipoteza kwa mikono yetu wenyewe.

Angalia inavyokwenda siku hizi katika kumbi nyingi. MC anatangaza kwamba anayetaka kucheza na maharusi aanzie elfu kumi. Wanaitwa kwanza wa laki, mmoja mmoja, jina na kiasi kwenye kipaza sauti, na kila mmoja anapewa nafasi ya kutosha kucheza na kupigwa picha. Wanafuata wa elfu hamsini, kisha wa elfu ishirini. Upande wa mume unaambiwa kwamba upande wa mke umewazidi, basi waongeze. Wale wa elfu mbili na elfu moja, ambao hawakufika kima hicho, wanaitwa mwisho, wote kwa pamoja, wimbo unakaribia kukatika na maharusi miguu inawauma. Watu wanashangilia, ni kweli, na fedha zinapatikana. Lakini hebu geuka utazame meza za nyuma.

Huko ndiko anakokaa mama mdogo aliyetoka kijijini kwa basi la alfajiri. Kitenge cha sare alichovaa alikilipia kwa awamu. Ndiye aliyemlea bibi harusi alipokuwa darasa la pili, wakati mama yake alikuwa amelazwa hospitali. Nauli ya kurudi ameifunga kwenye pindo la khanga, na hiyo haiguswi. Basi anapiga vigelegele akiwa amekaa, kwa sababu akiinuka ataulizwa ana shilingi ngapi. Akina mama wa namna hiyo nimewaona katika harusi nyingi, na neno langu juu yao ni moja: harusi ambayo mama huyo hakucheza na mwanawe imekosea, hata kama kikapu kimejaa hadi kinamwagika.

Noti zenyewe nazo zimepanda ngazi. Zamani mtoto au bibi kizee aliweza kuinuka na noti ya 500. Mwaka 2014 Benki Kuu ya Tanzania ilileta sarafu ya 500, na noti ya 500 ya toleo la 2010 iliondolewa kabisa kwenye mzunguko ilipofika Aprili 5, 2025. Tangu hapo noti ndogo kuliko zote tuliyonayo ni ya 1,000, na sarafu haibandiki kwenye paji la uso. Kwa hiyo hata MC asipoweka kima chochote, anayetaka kutunza kwa noti anaanzia elfu moja. Kwa mtu anayehesabu nauli, hiyo ni fedha.

Watu wa pwani wana la kutufundisha hapa. Kwenye taarab, iwe Unguja, Tanga au Mombasa, msikilizaji akiguswa na beti huinuka, hucheza taratibu kuelekea kwa mwimbaji, humpa noti, na pengine huinyoosha juu kwanza ili ukumbi uone kwamba maneno yale ameyachukua kuwa yake. Mtafiti Kelly Askew, aliyefanya kazi yake Tanga, aliandika kwa kirefu katika kitabu alichokitoa mwaka 2002 jinsi wanawake walivyotumia kutunza kusema mambo ambayo wasingeweza kuyasema kwa kinywa: kumsifu mwenzao, kumjibu hasimu, kuomba radhi. Uzito ulikuwa katika beti uliyochagua kuinukia, na kila mtu ukumbini aliuelewa. Hakuhitajika mtu wa kuwatajia thamani ya noti.

Hata malipo ya zamani ya harusi za Waswahili yalikuwa na adabu hiyo. Kuna kifungua mlango, anachotoa bwana harusi kwa wanaomzuia asiingie chumbani kwa bibi harusi. Kuna kiosha miguu, cha yule aliyemnawisha miguu. Kuna kipa mkono, zawadi ya mume kwa mkewe. Kila kimoja kina sababu yake, kina mkono unaokipokea, na kina utani wake mlangoni, wa kubembelezana na kukataliwa na kubembelezana tena. Bwana harusi mwenye kidogo alitoa kidogo, akataniwa, akaingia.

Na sisi si peke yetu. Wayoruba wa Nigeria huwamwagia maharusi naira mpaka sakafu inafunikwa. Mexico wageni hubana noti kwa pini kwenye shela na koti, na Wafilipino nao hufanya hivyo. Katika miji ya Marekani waliyohamia Wapoland, kama Chicago, wageni hupanga mstari, kila mmoja hutia dola yake kwenye aproni na kuzunguka na bibi harusi kidogo kabla ya kumpisha anayefuata. Hiyo ya mstari naisifu: anayefuata ni anayefuata, awe meneja au mfagizi.

Nigeria imefika mbali zaidi. Sheria ya Benki Kuu ya nchi hiyo ya mwaka 2007 imefanya kuwa kosa kumwaga naira au kuzicheza chini ya miguu kwenye sherehe, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miezi 6, au faini isiyopungua naira 50,000, au vyote viwili. Mwezi Aprili 2024 mahakama ya Lagos ilimfunga miezi 6 mtu mmoja mashuhuri wa mitandaoni kwa kosa hilo. Mimi sitamani kuona askari mlangoni mwa ukumbi wa harusi. Natamani turekebishane wenyewe, kama ndugu, kabla mambo hayajachacha.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni hoja ya watu wenye nia njema. Wanakamati huniambia kwamba kiasi kisipotangazwa watu hawatoi, na kwamba vijana wanahitaji kianzio cha maisha. Kianzio ni kweli wanakihitaji. Lakini wageni hao walishachanga miezi iliyopita, wengi wao kwa awamu, wamenunua sare, wamebeba zawadi. Ukiwatangazia kiasi usiku huo utapata fedha ya aibu, na fedha ya aibu hudaiwa. Mtu aliyelazimika kutoa elfu hamsini mbele za watu huiandika moyoni, na mwaka ujao harusi ikiwa kwake anakuja na hesabu. Nimesikia ndugu wakinuniana kwa jambo hili, miaka, watoto wao hawatembeleani. Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na walikuwa wameona mengi.

Ombi langu la kwanza ni kwako MC. Wewe ndiwe unayeshika usiku mzima, na watu wanakusikiliza kuliko wanavyomsikiliza mwenyekiti wa kamati. Taja majina ya watu, taja undugu wao na maharusi, sema huyu ndiye mwalimu aliyemfundisha bwana harusi kusoma, huyu ndiye jirani aliyempikia bibi harusi uji. Hapo ukumbi utalipuka kwa shangwe kuliko ungetaja laki tatu. Kiasi kiache kikapuni. Na waite kwa rika au kwa undugu, ukianza na wazee, ili wacheze muziki ukiwa bado mbichi na miguu yao ikiwa haijachoka kusubiri.

Kwako mgeni uliyejaaliwa, nina ombi ninaloliamini sana. Fedha yako kubwa itie kwenye bahasha, iandike jina, mkabidhi mzazi au mweka hazina. Halafu njoo ukumbini na noti za elfu moja. Ukikaa mezani, mgawie bibi aliye pembeni yako, mgawie mtoto wa jirani, mgawie yule kijana wa chuo aliyekuja kwa miguu. Wape kimyakimya, kabla meza yenu haijaitwa. Mtainuka meza nzima. Kwa elfu kumi utakuwa umewachezesha watu kumi, na maharusi watakuwa wamechezewa na kumi badala ya mmoja.

Noti zisirushwe chini wala zisikanyagwe. Kuna watu katika ukumbi huo huo, wale wanaobeba sahani na kufuta meza, ambao noti moja kati ya hizo ndiyo chakula cha nyumbani kwao kesho. Kuwakanyagia mbele ya macho yao ni ukosefu wa utu, na hakuna wimbo unaouhalalisha.

Kamati nazo ziamue mapema fedha ya kikapuni inakwenda wapi. Mahali pengi haijulikani. Wakati mwingine inaishia kuziba pengo la deni la mapambo au la mpishi, na maharusi wanarudi nyumbani mikono mitupu baada ya kubandikwa noti usiku kucha. Mgeni aliyembandikia bibi harusi noti alimpa yeye, hakumpa mpambaji. Wateuliwe watu wawili, mmoja kutoka kila upande, wahesabu usiku uleule, waandike, wasaini, na kesho yake maharusi wakabidhiwe fedha pamoja na karatasi. Kama kuna deni la ukumbi, kamati ilibebe kama kamati.

Nanyi maharusi, msidhani hamna usemi kwa sababu wakubwa ndio wanaopanga. Mna usemi. Siku mnapokutana na MC kupanga ratiba, mwambieni hamtaki kiasi kitajwe. Na ukiwa katikati ya uwanja, bibi harusi, ukimwona mama mdogo wako amekaa meza ya nyuma anapiga vigelegele, usimsubiri. Mfuate, mshike mkono, mlete katikati ucheze naye. Hakuna MC atakayekuzuia usiku wa harusi yako.

Kikao cha kamati kinachofuata, kama wewe ni mwenyekiti au mjumbe, liweke jambo hili kwenye ajenda kabla hamjafika kwenye bajeti ya mapambo. Liandikwe kwenye muhtasari kwamba saa ya kutunza haina kima cha chini na kiasi hakitatangazwa, MC apewe nakala yake mkononi, na mlisome tena kwenye kikao cha mwisho kabla ya harusi.