Mwenye Macho Naye Huambiwa Tazama

Wahenga waliponena kwamba mwenye macho haambiwi tazama, hapana shaka walikuwa na vitu vya kawaida akilini: moto uwakao, mvua inayonyesha, mgeni aliyesimama mlangoni. Hata hivyo, zipo sehemu za dunia ambako methali hiyo hupinduka ikawa kinyume chake. Mojawapo ni jangwa la kusini mwa Peru, baina ya miji ya Nazca na Palpa. Huko mtu mwenye macho mazima aweza kusimama kando ya mchoro wenye urefu wa zaidi ya mita 90 asione kitu ila mawe na vumbi. Mtu huyo hana budi kuambiwa atazame, aambiwe atazame wapi na, zaidi ya yote, aambiwe anatazama nini.

Makala haya yanahusu ziara ya siku moja ambayo watalii wengi huifanya nchini humo, ziara inayounganisha wanyama wa baharini wa Paracas na michoro ya ardhini ya Nazca. Michoro ya ardhini ni ile inayochorwa juu ya uso wa nchi kwa kuondoa au kupanga mawe. Hoja inayotetewa hapa ni moja: thamani ya ziara ya namna hii haimo katika wingi wa vitu vinavyoonwa, wala haipotei kwa sababu ya ufupi wa siku. Imo katika neno la mwelekezi. Neno likikosekana, hata juma zima halitoshi. Likiwepo, siku moja yaweza kuwa shule.

Ziara yenyewe huanzia Lima, mji mkuu wa Peru, kabla ya mapambazuko. Wageni hupandishwa garini, wakaifuata barabara kuu ya Panamericana kuelekea kusini hadi Paracas, mwendo wa takriban kilomita 260. Asubuhi hupanda mashua hadi visiwa vya Ballestas. Kwa muda wa saa mbili hivi huzungushwa kandokando ya majabali, wakawaona simba-bahari wakiota jua, pengwini wa Humboldt wakipanda mawe kwa shida, na ndege wa baharini wasiohesabika. Baadaye hushika njia ya Nazca, kilomita nyingine zipatazo 200, wakapakiwa katika ndege ndogo inayozunguka juu ya jangwa kwa nusu saa hivi, huku rubani akiilaza upande mmoja kisha wa pili ili kila abiria apate kuona. Wengine huona; wengine hushughulika na kichefuchefu. Wapo pia wanaorushwa kutoka uwanja wa Pisco, ulio karibu na Paracas, ili kuifupisha safari ya barabara. Vyovyote iwavyo, hurejea Lima usiku, wakiwa hoi bin taabani.

Wako wanaoibeza ziara hiyo. Hudai kuwa ni pupa tupu, kwamba mtaka yote hukosa yote, na kwamba mtu aliyetumia muda mwingi garini kuliko mahali alipokuja kupaona hakusafiri bali alisafirishwa. Kejeli hiyo ina chembe ya ukweli, lakini inapuuza jambo la msingi. Kule Ballestas, mtalii haruhusiwi kukanyaga kisiwa. Kule Nazca, haruhusiwi kutembea juu ya michoro. Hata angepiga kambi huko mwezi mzima, bado angevitazama visiwa kutoka majini na michoro kutoka angani au kutoka mnarani.

Tena makatazo hayo si ya bure. Mistari ya Nazca ilichorwa kwa kuondoa mawe ya juu, yaliyofanywa meusi na chuma kilichoota kutu, ili udongo mweupe wa chini uonekane. Ni jeraha jembamba juu ya ngozi ya jangwa, na jeraha jingine lolote hubaki papo hapo. Mnamo Desemba 2014, wanaharakati wa mazingira waliingia bila idhini karibu na mchoro wa kolibri, ndege mdogo afyonzaye maua mithili ya chozi wa Afrika Mashariki, wakaacha nyayo zao humo. Mnamo Januari 2018, dereva wa lori aliacha barabara akaharibu sehemu ya mistari mitatu. Hata Panamericana yenyewe, ilipojengwa, ilimkata mjusi vipande viwili. Kwa hiyo, mgeni apitaye kwa mbali na kwa haraka huenda ndiye mgeni mwenye heri kuliko wote. Ufupi wa ziara si kosa lake kuu.

Kosa liko kwingineko. Aghalabu ziara hiyo huuzwa kama vitu viwili visivyojuana: asubuhi wanyama, alasiri michoro. Mtalii hupiga picha za simba-bahari, akalala usingizi njia nzima, akaamshwa kupiga picha za kima na buibui. Anarudi kwao na albamu mbili. Laiti angeambiwa kwamba albamu hizo ni moja!

Mambo yalivyo ni hivi. Katika pwani ya Peru hupita mkondo wa maji baridi uitwao mkondo wa Humboldt. Maji ya chini yenye rutuba hupanda juu, yakalisha viumbe vidogo vya baharini. Viumbe hivyo vikalisha dagaa, na dagaa wakalisha ndege na simba-bahari. Ndiyo sababu visiwa vya Ballestas hujaa wanyama kiasi kile. Lakini ubaridi uo huo huipoza hewa iliyo juu ya bahari, ukaizuia isipande na kufanya mawingu ya mvua. Nchi kavu inayopakana na bahari hiyo tajiri ikawa mojawapo ya majangwa makavu kabisa duniani. Na kwa kuwa mvua ni adimu mno, mistari iliyochorwa kati ya mwaka 500 kabla ya Kristo na mwaka 500 baada yake haikusombwa. Kwa maneno mengine, maji yale yale yaliyomnenepesha simba-bahari asubuhi ndiyo yaliyomhifadhi buibui wa alasiri. Huo si utenzi wa kubuni, ni jiografia. Mtalii asiyeambiwa jambo hilo ameziona ncha mbili za kamba asiione kamba.

Wenyeji wa kale nao hawakuitenga bahari na jangwa. Mashua ielekeapo Ballestas hupita mbele ya mlima wa mchanga wenye mchoro mkubwa ufananao na kinara cha mishumaa, wenye urefu wa takriban mita 180, uliochorwa ukitazama bahari. Miongoni mwa michoro ya Nazca, umbali wa makumi ya kilomita kutoka ufukweni, yumo nyangumi. Mnamo mwaka 2019, watafiti wa Kijapani waliyachunguza upya maumbo ya ndege wa Nazca kwa kuzingatia midomo, mikia na miguu yao, wakatambua kwamba baadhi yao ni mwari, ndege wa baharini mwenye mfuko chini ya mdomo. Mwari yuyo huyo mtalii alimwona kwa macho yake asubuhi akiwa juu ya jabali! Swali la kwa nini watu wa jangwani walimchora ndege wa baharini lingetosha kuwakesha wasafiri njia nzima, badala ya kuwaacha wasinzie.

Hapa ndipo kazi ya mwelekezi inapojitokeza kuwa kazi ya lugha. Mwelekezi hasomi orodha ya majina. Anasoma matini na kuwafasiria wasiojua alfabeti yake. Msomaji mwema wa matini ana wajibu wa kutenganisha kile kilichoandikwa na kile anachokikisia. Ni jambo linalojulikana jinsi michoro ilivyofanywa. Sababu za kuichora zingali zinabishaniwa. Maria Reiche, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1903 na kufariki mwaka 1998, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuipima na kuifagia mistari hiyo, akiamini kuwa ilikuwa kalenda ya nyota. Johan Reinhard aliihusisha na ibada za milima na maji. Wako wanaoshikilia kuwa baadhi ya mistari ilikuwa njia za kupitwa na waumini kwa miguu. Erich von Däniken naye alieneza dhana ya wageni kutoka sayari nyingine.

Mwelekezi mvivu huikimbilia dhana ya mwisho kwa sababu inachekesha na haihitaji maelezo. Athari yake, hata hivyo, si ya kuchekesha. Kudai kuwa kazi hiyo haikuweza kufanywa ila na viumbe wa angani ni kuwapokonya watu wa Nazca jasho lao na akili yao. Watu hao ndio wanaonasibishwa na mifereji ya chini ya ardhi iliyowafikishia maji katika ukame ule, na baadhi ya mifereji hiyo ingali inatumika. Watu wenye uwezo wa kuyatafuta maji chini ya jangwa hawakuhitaji msaada kutoka mbinguni ili wapange mawe katika mstari. Waafrika, ambao majengo na magofu yao yaliwahi kunasibishwa na kila mtu isipokuwa wao wenyewe, wanaielewa dhuluma hiyo pasi na kufafanuliwa.

Pia matini hiyo haijamalizika kusomwa. Mnamo Septemba 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yamagata cha Japani, wakiongozwa na Masato Sakai, walitangaza kuwa kwa msaada wa akili unde wamegundua michoro mipya 303 ya maumbo. Mwelekezi anayekariri maelezo aliyoyahifadhi miaka kumi iliyopita anawasomea wageni kitabu chenye kurasa pungufu.

Yako pia mambo ambayo ziara hupenda kuyanyamazia kwa kuwa si matamu. Kinyesi cha ndege kilichorundikana katika visiwa vya pwani hiyo, guano, kilikuwa mbolea iliyoitajirisha Peru katika karne ya 19. Neno lenyewe limetokana na Kiquechua, wanu. Miongoni mwa waliokichimba katika visiwa vya Chincha, vilivyo jirani na Ballestas, walikuwamo vibarua kutoka China walioteswa mno katika kazi hiyo. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2022, homa ya ndege iliua ndege wa baharini na simba-bahari kwa maelfu katika pwani ya Peru. Na mnamo Mei 2025 serikali iliipunguza hifadhi ya Nazca kutoka takriban kilomita za mraba 5,600 hadi 3,200, wataalamu wakahofia kwamba wachimbaji madini wangepata mwanya. Mwezi uliofuata uamuzi huo ukabatilishwa. Msafiri aliyeyasikia hayo atajua kuwa alichokiona si cha milele. Asiyeyasikia atadhani ni mapambo ya dunia yasiyo na mwenyewe.

Yamkini mtu atauliza: mwelekezi atapata wapi wakati wa kusema yote hayo katika siku iliyosongamana? Jibu ni kwamba wakati upo tele, ila umewekwa mahali pasipothaminiwa. Saa mbili za mashua na nusu saa ya ndege ni sehemu ndogo tu ya siku; zilizobaki ni za barabarani. Barabara yenyewe ni darasa. Upande mmoja mna bahari, upande wa pili mchanga, na kila mto unaposhuka kutoka Andes, bonde la kijani hutokea ghafla kisha likatoweka. Hakuna ubao bora zaidi wa kuelezea maana ya maji. Kinachohitajika ni kampuni za utalii kuacha kumhesabu mwelekezi kama mhesabu abiria, zimpe mafunzo na malipo yanayolingana na kazi ya kufundisha. Na mtalii naye aache kuidhania njia kuwa gharama ya kufikia vitu.

Suala hili haliko Amerika Kusini pekee. Pwani ya Kenya ina siku yake ya namna hiyo: asubuhi Watamu, penye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968, na alasiri mji wa kale wa Gede ulio kilomita chache kutoka hapo, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Huko nako mgeni huonyeshwa samaki na matumbawe, kisha akaonyeshwa kuta, kama kwamba ni vitu viwili. Ilhali kuta zile zilijengwa kwa mawe ya matumbawe! Bahari ile ile aliyoielea asubuhi ndiyo iliyosimamisha msikiti na nyumba alizozizuru alasiri. Nani atamwambia? Na atamwambia kwa lugha gani, hasa mgeni huyo akiwa mwanafunzi kutoka Kitui au Kakamega aliyeletwa na shule yake?

Wanafunzi wa Kiswahili mara nyingi huulizwa shahada yao itawafaa nini nje ya darasa. Kazi ya mwelekezi ni mojawapo ya majibu, nayo si kazi ya kudharauliwa. Inadai ufasaha, uaminifu kwa ushahidi, na uwezo wa kuunganisha yaliyotenganishwa, sifa ambazo uhakiki wa fasihi unadai vilevile. Idara za Kiswahili zingefanya vyema kuitambua hivyo katika mafunzo yao, na wanaotembeza wageni wangefanya vyema kuwatafuta wahitimu hao.

Siku moja ni fupi, kweli. Lakini baina ya mwari aliye juu ya jabali na mwari aliyechorwa jangwani kuna mwendo wa saa chache tu za gari, na kuna zaidi ya miaka elfu moja na mia tano. Gari laweza kumvusha msafiri katika umbali wa kwanza. Umbali wa pili hauvukwi ila kwa neno.