Utando Mpya Wahitaji Muda

Mwezi Januari 2023, Denmark, Ujerumani, Uholanzi, Norway na Sweden ziliwasilisha kwa Shirika la Kemikali la Ulaya, mjini Helsinki, pendekezo la kupiga marufuku maelfu ya kemikali za florini. Shabaha ya pendekezo hilo ni ya haki. Kemikali hizo haziozi; zimekwisha kuingia katika maji na katika damu ya binadamu. Lakini katika kundi hilo umo pia utando wa seli za fueli, yaani mitambo inayozalisha umeme kwa kuunganisha hidrojeni na oksijeni, bila moshi.

Utando huo ni mwembamba kuliko unywele, nao ndio roho ya mtambo. Hupitisha protoni na kuzitenga gesi mbili zisikutane. Chombo cha anga cha Gemini 5, kilichorushwa na Marekani mwaka 1965, kilitumia utando wa polistirini yenye asidi ya salfoniki. Ulifanya kazi, lakini haukudumu, kwani kaboni yake ilishambuliwa upesi. Ndipo katika miaka hiyo hiyo ya 1960 Walther Grot wa kampuni ya DuPont alipobuni Nafion, ambayo kaboni yake imevikwa florini. Ugumu ule ule ulioipatia sifa ndio unaoifanya leo ishitakiwe.

Kwa hiyo wanakemia hawana budi kuanza upya kwenye monoma, zile molekuli ndogo zinazoungwa kama pete za mnyororo hadi kuwa polima. Wengine wanashughulikia pete za kaboni zisizo na florini. Wengine wamegeuza njia kabisa: mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware walitangaza utando wenye chaji chanya, unaopitisha haidroksidi badala ya protoni, na ambao unaweza kuondoa haja ya platinamu nyingi. Hata hivyo, haidroksidi hiyo hiyo huutafuna utando unaoipitisha, na hewa ukaa iliyomo hewani huipunguzia nguvu.

Hapo ndipo penye uzito. Pendekezo la awali liliziachia seli za fueli miezi 18 ya mpito na miaka mitano juu yake. Wizara ya Nishati ya Marekani nayo imeweka shabaha ya saa 25,000 kwa malori ifikapo 2030. Saa hizo ni karibu miaka mitatu ya kufanya kazi mchana na usiku. Majaribio ya haraka yapo, lakini hayamalizi wasiwasi. Ni jambo la kusikitisha kwamba matangazo mengi ya utando mpya hutaja jinsi unavyopitisha chaji siku ya kwanza, yakanyamaza kuhusu siku ya elfu.

Serikali zinazodai marufuku zinapaswa kugharamia majaribio hayo marefu katika maabara za umma, na matokeo yake, pamoja na ya tando zilizoshindwa, yachapishwe ili wengine wasirudie makosa yale yale kwa siri.