SHAMBANI NA NYUMBANI: Mbwa na Paka Wakati wa Kipupwe

Juma hili tungependa kuzungumza juu ya walinzi wawili wa nyumba: mbwa, alindaye mlango, na paka, alindaye ghala. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti watu wengi wa Naivasha huona kwamba wanyama hawa wamebadilika tabia. Mbwa hataki kuondoka jikoni, na paka hushinda amelala kando ya majivu. Mtu mmoja husema, "Ni baridi tu, mwacheni." Mwingine husema, "Amekuwa mvivu, mpigeni." Pengine wote wawili wamekosea, na kosa la namna hiyo laweza kuleta msiba. Kwa hiyo yafaa tujue majira humfanyia nini mnyama, ili tuyatambue pia mambo yasiyoletwa na majira.

Katika nchi za Ulaya mwaka hugeuka kwa nuru. Mjini London mchana wa mwezi wa Juni hudumu zaidi ya saa 16, lakini mchana wa Desemba haufiki saa 8. Kati ya Septemba na Novemba, nuru inapozidi kupungua na majani ya miti kupukutika, macho ya mnyama huupasha ubongo habari, na mwili hutii. Manyoya mepesi hudondoka na mazito huota mahali pake. Paka jike wengi huacha kutaka dume mpaka siku zianze kurefuka tena. Hata Basenji, yule mbwa wa Kongo asiyebweka kama wenzake, hutaka dume mara moja tu kwa mwaka, na huko Ulaya jambo hilo hutokea zaidi katika majira hayo ya kupukutika majani.

Kwetu mambo ni mengine. Naivasha iko kusini kidogo tu ya ikweta, na urefu wa mchana haubadiliki mwaka mzima ila kwa dakika chache. Basi mwili wa paka wetu haupati amri ya kupumzika. Yeye huchukua mimba kiasi cha majuma 9, na aweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka, hata katikati ya baridi kali. Hivyo anayesubiri "majira ya paka kuzaa" ndipo atengeneze mahali pa watoto, atasubiri bure.

Hata hivyo baridi ipo. Mji wetu uko kiasi cha mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 10 za sentigredi. Kule Kinangop, ambako ni juu zaidi, hali ni kali kuliko hiyo. Joto la mwili wa mbwa au paka mwenye afya ni kiasi cha nyuzi 38 hadi 39. Mwili ni kama jiko: baridi ikizidi, hapana budi kuni ziongezwe. Kwa sababu hiyo mnyama hula zaidi, hutembea kidogo, na hulala amejikunja, pua chini ya mkia. Mbwa mzee huchechemea asubuhi, kisha hutengemaa jua likipanda. Huo si uvivu, na fimbo haitamtia joto.

Dawa yake ni rahisi. Mpatie mbwa kibanda kilichoinuliwa juu ya ardhi kwa mbao, mlango wake usielekee upepo, na ndani mtandikie gunia kavu au nyasi kavu. Mwongezee chakula kidogo wakati wa jioni. Watoto wa mbwa na wa paka waangaliwe sana, maana katika majuma mawili ya kwanza hawawezi kujitia joto wenyewe. Mama akiwa mbali na matandiko yakiwa majimaji, hufa usiku mmoja. Na mwenye gari agonge boneti kabla ya kuwasha injini, kwa kuwa paka hupenda kujificha humo penye joto.

Kipupwe kikiisha na mahindi yakivunwa, mabadiliko mengine huja. Panya huhama mashambani na kuingia maghalani, na paka aliyekuwa akilala sasa hukesha nje na kukidharau chakula cha sahani. Hilo ni jema, maana anafanya kazi yake. Lakini tusitege sumu ya panya bila hadhari. Paka au mbwa alaye panya aliyekufa kwa sumu aweza kufa naye, na pengine dalili huonekana baada ya siku kadhaa: hulegea, na ufizi hutoka damu.

Sasa tuje kwenye jambo kubwa. Yako mabadiliko ambayo hayatokani na majira hata kidogo. Mbwa mwenye baridi hutafuta moto na watu. Akiitwa huja, na akipewa chakula hula. Lakini mbwa anayejificha gizani, sauti yake imegeuka, taya limelegea, mate yanamtoka na kumeza hawezi, huyo msiseme ni baridi. Kadhalika mbwa mpole aliyeanza kuuma watu, mawe na vijiti bila sababu. Huenda ni kichaa cha mbwa, nacho huwapata paka pia. Wengi huwaogopa mbwa wakali tu, wakamtia mkono kinywani yule aliye kimya, wakidhani amekwamwa na mfupa. Jambo hilo ni hatari sana.

Ugonjwa huu ulithibitishwa katika Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa karibu na Nairobi. Chanjo yake ni ya kale zaidi, kwa maana Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwaka 1885, naye akapona. Lakini dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo aliyeumwa, au aliyekwaruzwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa aliyeuma, ikiwa aweza kufungwa bila hatari, afungwe na kuangaliwa siku 10, na daktari wa mifugo apewe habari.

Serikali ya Kenya imekusudia kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na mbwa wenye kichaa ifikapo mwaka 2030. Ili ugonjwa ukatike, yapasa mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Hesabu hiyo haitatimia ofisini. Itatimia kila mwenye mbwa akimpeleka mbwa wake. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kwetu siku hiyo huja kipupwe kikiwa kimekwisha, na ni ukumbusho mwema kwa aliyekuwa akiahirisha. Mbwa na paka wachanjwe kila mwaka, na cheti kiwekwe pamoja na karatasi nyingine za nyumba.