Maji Yafikayo Baharini Hayakupotea

Katika mdahalo wa muhula huu rafiki yangu mmoja alisimama akasema, "Kila tone la Mto Pangani liingialo baharini ni tone lililopotea. Tujenge mabwawa tulizuie." Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Mimi, mtoto wa Pangani niliyekuja kusoma huku juu, nilikaa kimya, maana jibu halikunijia upesi. Leo naomba nafasi katika gazeti letu nimjibu.

Kwanza nakiri kuwa rafiki yangu ana haki. Kwao ni Mwanga, na mama yake ameteka maji mbali kwa miaka mingi. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, uliozinduliwa mwaka 2025, huchukua maji katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Bwawa hilo lilijengwa katika miaka ya 1960 kuyaweka maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu. Limetupatia samaki, tena limetupatia umeme: megawati 8 bwawani penyewe, na maji yake husaidia mitambo ya Hale yenye megawati 21 na ile ya Maporomoko ya Pangani yenye megawati 68. Asiyeshukuru hayo ni mtovu wa adabu.

Lakini mto huu hauishii Hale. Una urefu wa kilometa zipatazo 500, na mwisho wake ndiko kwetu. Pale mlangoni mto na bahari hushindana kila siku. Bamvua likija, maji ya chumvi, kwa kuwa ni mazito, hupita chini ya maji matamu yakapanda mtoni. Nguvu ya mto ndiyo iyarudishayo. Mto ukidhoofika, chumvi hupanda mpaka mashambani.

Babu yangu ana kisima karibu na mto. Nilipokuwa mdogo tulikunywa maji yake. Siku hizi wakati wa kiangazi hayafai hata kwa chai, na minazi ya ukingoni imekatika vichwa. Babu hamlaumu mtu, wala mimi simlaumu, kwa sababu mvua zimebadilika na bahari nayo yapanda. Lakini mambo hayo mawili yazidisha haja yetu ya maji ya mto, hayaipunguzi.

Hata tope lina kazi. Mafuriko huleta udongo unaoilisha mikoko, na ndani ya mikoko ndimo wakuliamo kamba na samaki wadogo. Ukuta wa bwawa huuzuia udongo huo. Watu wa kinamasi cha Kirua, chini ya Nyumba ya Mungu, wayajua haya: kinamasi chao kilichokuwa kikifurika kimepungua sana tangu bwawa lilipojengwa.

Je, basi tusijenge mabwawa? La, tujenge, ila tupange kwa kuanzia chini. Tusihesabu kwanza maji ya shamba, ya mji na ya mtambo, kisha masazo ndiyo yaende baharini. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imetaja akiba ya maji kwa mahitaji ya lazima ya watu na kwa uhai wa mto. Akiba hiyo itengwe kwanza, kama mzazi mwenye busara atengavyo ada kabla ya kununua nguo za sikukuu. Tena ihesabiwe kwa majira, kwani maji mengi ya masika hayamfai mwenye kiu wakati wa kiangazi. Hapo ndipo bwawa lililopangwa vizuri huwa rafiki wa mlango wa mto: huweka maji ya masika likayafungulia siku za ukame, chumvi ikarudi nyuma.

Nanyi wazazi wa huku juu mwaweza kutusaidia. Mfereji wa udongo hunywa maji mengi kabla hayajafika shambani. Mkiisakafia mifereji, mtavuna vilevile na mto utabaki na kitu.

Rafiki yangu namwalika nyumbani likizo ya mwisho wa mwaka, mvua za vuli zikikatika. Babu atamkaribisha kwa madafu, kama bado yapo. Kisha tutakwenda kisimani, naye atakunywa kikombe kimoja tu. Akisha kunywa, na arudie maneno yake ya mdahalo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu