Nozeli mbovu zinapoteza dawa ya kahawa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu nitoe maoni yangu juu ya upuliziaji wa dawa katika mibuni huku Moshi. Kila msimu tunahimizwa tupulizie dawa ya shaba kuzuia chulebuni na kutu ya majani. Himizo hilo ni zuri, na vipimo vya dawa kwa lita za maji tumekwisha vikariri. Lakini juu ya ukubwa wa matone yanayotoka kwenye bomba hatuambiwi kitu, na hapo ndipo fedha ya mkulima inapopotelea.

Wapo wanaodhani kwamba bomba likitoa ukungu ndiyo kazi nzuri. Wengine hudhani kwamba jani likichuruzika ndiyo limeshiba. Wote wanapoteza. Ni kweli kwamba tone la upana wa milimita 0.4 likigawanywa kuwa matone ya milimita 0.1 tunapata matone 64, nayo hufunika majani na matunda vizuri zaidi. Ila tone la milimita 0.1 huanguka polepole, kama sentimita 25 hivi kwa sekunde. Likitoka juu ya mbuni wa mita mbili huchukua sekunde nane kufika chini, na upepo mdogo wa mita mbili kwa sekunde unaweza kulipeleka mita 16, kama halijakauka njiani. Katika vihamba vyetu mita 16 ni jikoni kwa jirani, au ni kwenye mfereji ambao watu wa chini wanachota maji. Tone kubwa nalo hugonga jani, likateleza hadi ardhini. Na shaba haiozi. Ikishaingia udongoni hukaa humo miaka na miaka.

Kinachoamua yote haya ni ile nozeli, kile kitundu kidogo mwishoni mwa fimbo ya bomba. Dawa ya shaba ya unga hukisugua kama msasa, tundu likapanuka, na mkulima asijue. Kijana akiona dawa haitawanyiki hupampu kwa nguvu zake zote, matone yakazidi kuwa madogo na kuruka ovyo. Wataalamu hushauri nozeli itupwe ikianza kutoa maji zaidi ya ile mpya kwa asilimia 10. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuipima, ingawa chupa na saa vinatosha?

Jambo hili si la kubahatisha. Maji hutoka kwenye nozeli kama utando mwembamba, utando ukatikisika na kuchanika kuwa nyuzi, nyuzi zikakatika kuwa matone. Hata mchirizi mwembamba wa bomba la maji hukatika hivyo kabla ya kufika kwenye ndoo. Mwingereza Lord Rayleigh alieleza kwa hesabu mwaka 1878 jinsi mchirizi unavyokatika. Siku hizi kazi hiyo huigizwa ndani ya kompyuta: nafasi iliyo mbele ya nozeli hugawanywa kuwa vijumba vidogo sana, hata mamilioni, na kila kijumba hukadiriwa kina maji kiasi gani na hewa kiasi gani, tena na tena, kila punje ya sekunde. Hirt na Nichols wa Los Alamos, Marekani, waliitangaza njia hiyo mwaka 1981. Ni hesabu ngumu, maana maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, na mpaka wao huchanika na kuungana kila wakati. Uzi ulio mwembamba kuliko kijumba huweza kupotea kabisa. Pamoja na hayo wahandisi wameitumia miaka mingi kujua jinsi dizeli inavyopasuka ndani ya injini. Kwa maoni yangu mbuni nao una haki hiyo.

Tusitegemee hesabu za ng'ambo peke yake. Programu ya Marekani ya AgDRIFT, inayokadiria dawa inavyopeperuka, ilitungwa kwa ndege, matrekta na mashine za kupulizia miti ya matunda. Sisi tunabeba bomba mgongoni, tukipita chini ya migomba, na maharage yako miguuni. Upepo wetu hupanda mlima mchana na kushuka usiku.

Najua nitajibiwa kwamba tupande aina mpya zinazostahimili magonjwa, zilizotolewa na TaCRI pale Lyamungu. Sawa, tupande. Lakini mibuni ya wazee bado imo vihambani, na mtu hang'oi mti unaozaa kwa siku moja.

Kwa hiyo naomba TaCRI, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoko Arusha, pamoja na Taasisi ya Nelson Mandela ya Tengeru, wakae pamoja. Programu ya OpenFOAM, ambayo hufanya hesabu za namna hii, hutolewa bure tangu 2004. Vijana wa shahada za juu wapewe kihamba cha Kilimanjaro kuwa kazi yao. Wakati tunasubiri, maduka ya vyama vya msingi yauze nozeli zilizoandikwa zinatoa maji kiasi gani kwa dakika, na maafisa ugani waje na zile karatasi za njano zinazogeuka buluu zikiguswa na tone, watufungie kwenye matawi tujionee wenyewe kabla ya mvua za masika.

Mkulima wa Kahawa,
Kibosho, Moshi.