Majogoo Wengi Uani: Mali au Mzigo?

Kuku akitotoa vifaranga kumi na wawili, yapata nusu yao huwa majogoo. Ndivyo maumbile yalivyo. Lakini la kufanya na majogoo hao ni shauri letu wenyewe, na kwa maoni yangu wakulima wengi hukawia mno kulikata.

Tutazame Dunga, ukingoni mwa Ziwa Victoria, karibu na mji wa Kisumu. Huko viwanja ni vidogo, na kuku hula mabaki ya jikoni na chenga za omena. Jogoo mmoja awatosha majike kumi. Mwenye majike kumi na majogoo sita, basi watano hawana kazi ila kupigana, kuwachubua majike migongo, na kula. Kuku mzima hula yapata gramu 100 kwa siku. Majogoo watano hula kilo 15 kwa mwezi. Ukiwalisha miezi mitano mpaka Krismasi, umetoa kilo 75, karibu gunia zima la mahindi.

Wako wasemao, “Wangu hujiokotea wenyewe.” Ni kweli, lakini kila wanachookota wamewanyang’anya majike, na majike ndio watagao. Wengine hudhani kuku hatagi pasipo jogoo. Sivyo. Jogoo ahitajika kwa mayai ya kuatamia tu, na yai lisilo na mbegu hukaa zaidi bila kuoza.

Basi mapora wakifika miezi mitatu, chagua. Weka mmoja mkubwa, mchangamfu, mwenye miguu iliyonyoka, na mwingine wa akiba. Lakini asipande dada zake, maana kizazi hudhoofika. Badilishana na mfugaji wa mbali. Hata Serikali, katika mpango wa kuku ulioanza mwaka 1976, iliwabadilishia wakulima majogoo. Mgeni atengwe wiki mbili kwanza, na wote wachanjwe kideri.

Waliosalia uza wakiwa na miezi mitano au sita. Wiki mbili kabla ya kuwapeleka soko la Kibuye, waondolee omena, nyama isinuke samaki. Atakaye bei ya Krismasi na aatamishe mayai ili vifaranga watoke Juni, asilishe majogoo wa Januari mwaka mzima.

Najua kwetu jogoo ni heshima. Mjaluo ahamiapo boma jipya huchukua jogoo, na mgeni wa maana huchinjiwa kuku. Desturi hizo ni njema, lakini zahitaji jogoo mmoja, si kumi. Ipo desturi nyingine ambayo heri imefifia: zamani wanawake wengi wa Kijaluo walikatazwa kula kuku. Mama anyonyeshaye na mtoto anayekua ndio wenye haja kubwa ya nyama. Kabla hujampeleka jogoo wa mwisho sokoni, mchinje, na nyumba nzima ile.

Ninyi wa skimu za makazi, kama za Muhoroni, mna nafasi kuliko watu wa Dunga, na kwa hiyo ni rahisi kwenu kusahau kuhesabu. Jioni ya leo kuku wakiingia kulala, wahesabuni. Majogoo wakizidi mmoja kwa kila majike kumi, na mmoja wa akiba, siku ya soko inajulikana.