Uzi wa Kushonea Mfarishi kwa Cherehani

Mama mmoja wa nyanda za juu, ambako baridi ya mwezi wa Julai huwasumbua sana watoto, alishona mfarishi kwa muda wa majuma matatu. Alipoufua mara ya pili mishono ilikatika, na pamba ikakusanyika pembeni mabonge mabonge. Kitambaa kilikuwa kizima, na pamba ilikuwa safi. Kilichoiharibu kazi yake ni uzi, ambao aliuchagua kwa rangi peke yake.

Mfarishi una tabaka tatu: kitambaa cha juu, pamba katikati, na kitambaa cha chini. Uzi unaounganisha vipande vya kitambaa cha juu hujificha ndani ya mshono. Bali uzi unaoshikamanisha tabaka zote tatu hukaa nje, hukwaruzwa kila usiku, na huvutwa kila siku ya kufua. Kwa hiyo yapasa uchaguliwe kwa uangalifu zaidi.

Kwanza itazamwe namba. Watu wengi hudhani kwamba namba kubwa ni alama ya uzi mnene. Sivyo, namba ikizidi, uzi huwa mwembamba. Uzi wa namba 50 wafaa kwa kuunganisha vipande, na ule wa namba 40, ulio mnene kidogo, wafaa kwa kushikamanisha tabaka. Sindano nayo iufuate uzi: sindano ya 80 kwa uzi wa 50, na sindano ya 90 kwa uzi wa 40. Tundu la sindano likiwa dogo mno, uzi husuguliwa mpaka ukachanika.

Pili ni aina ya uzi. Uzi wa pamba wapatana vema na kitambaa cha pamba. Ulio bora hufanywa kwa nyuzinyuzi ndefu, wala hauachi manyoya mengi katika mashine. Mwingine hutiwa kostiki soda kwa njia iliyovumbuliwa na John Mercer wa Uingereza mwaka 1844, nayo huuongezea nguvu. Uzi wa poliesta pia ni imara, lakini usipigwe pasi yenye moto mkali.

Uzi uliopakwa nta kwa ajili ya kushonea kwa mkono usitiwe kabisa katika cherehani. Nta hiyo huganda katika visahani vinavyoukaza uzi, na mashine haishoni tena sawasawa.

Kabla ya kuanza, mshonaji auvute uzi kwa mikono. Ukikatika upesi, umechakaa. Kisha ajaribu kushona kipande kidogo chenye tabaka tatu zile zile. Uzi wa chini ukitokeza juu, uzi wa juu umekazwa mno, aulegeze. Uzi wa juu ukitokeza chini, aukaze kidogo.

Mama yule alifumua kazi yake yote, akaipanga pamba upya, akanunua uzi wa pamba wa namba 40 na sindano yake. Safari hii alianza kwa kipande cha majaribio. Kipande hicho kilimchukua dakika chache tu. Kazi ya kwanza ilimpotezea majuma matatu.